Kanzu imeungua, uso umepotea: jibu kwa binti wa Langoni anayeanza kupiga picha

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu. Mjomba amenipa kamera yake ya Canon ya zamani yenye lenzi ya 18–55. Nikiwapiga kaka zangu wamevaa kanzu, kanzu zinatoka nyeupe pe na nyuso zinakuwa nyeusi hazitambulikani. Vichochoroni picha zina ukungu. Tena wiki iliyopita nilimpiga mama mmoja aliyekuwa akipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, akanigombeza mbele za watu. Kaka yangu asema njiani ni pa watu wote, ruhusa ya nini? Na sasa binamu yangu anataka nimpige siku ya kupambwa, wanawake watupu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye kanzu, kwa sababu ukilielewa hilo moja umeelewa nusu ya kamera yako. Lakini usiliweke suala la yule mama kando kama jambo la adabu tu. Ruhusa ni sehemu ya ufundi, na nitakuonyesha kwa nini.

Kamera haijui kanzu wala uso. Kipima mwanga kilichomo ndani yake hukisia kwamba chochote kilicho mbele ya lenzi, kikichanganywa chote, ni kijivu cha kati kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ukielekeza kwenye ukuta wa chokaa, kinaona mwanga umezidi na kuupunguza mpaka ukuta uwe kijivu, na mtu aliyesimama mbele yake azame gizani. Ukielekeza kwenye buibui, kinafanya kinyume: huongeza mwanga mpaka buibui lionekane la kijivu na kila cheupe kilicho kando yake kiungue. Ndiyo maana picha mbili ulizopiga mahali pamoja, dakika ileile, hutoka tofauti kabisa.

Tiba ni kitufe chenye alama ya +/−. Zungusha gurudumu la juu uweke Av, ambapo wewe unachagua ukubwa wa tundu la lenzi na kamera inachagua kasi, halafu: kanzu au ukuta mweupe ukijaza picha, ongeza +1, hata +1⅔. Buibui likijaza picha, punguza kati ya −⅔ na −1. Wengi hufikiri ni kinyume, kwamba cheupe kipunguzwe. Wakipunguza, uso unapotea zaidi.

Jifunze hili bila mtu. Tundika kanzu na buibui kwenye kamba, uani, penye kivuli. Piga kanzu peke yake ijaze picha yote, kwanza kwenye 0, kisha +1, kisha +2. Piga buibui peke yake kwenye 0, −1, −2. Mwisho zitundike pamoja, nusu kwa nusu, upige tena kwenye 0. Kabla ya hapo washa lile onyo la mwanga uliozidi, ili sehemu zilizoungua zipepese nyeusi unapoitazama picha kwenye skrini. Angalia kanzu: unapoacha kuona darizi ya shingoni na mikunjo ya kitambaa, hapo mwanga umepita kiasi na hakuna programu itakayozirudisha. Angalia buibui: unapoacha kuona pindo, umepunguza mno. Rudia asubuhi, adhuhuri na alasiri. Ndani ya siku chache mkono utakuwa unajua kabla ya jicho.

Ila kwa kaka zako kuna jambo la pili, kwa kuwa kanzu iliungua na uso ukapotea katika picha hiyohiyo. Hapo kitufe hakisaidii. Walisimama juani, mwanga ukashuka kutoka utosini, kanzu ikapokea jua lote na macho yakabaki mashimo chini ya paji. Tofauti kati ya kitambaa cheupe juani na ngozi nyeusi kivulini ni kubwa kuliko kamera inavyoweza kubeba. Waondoe juani. Nyumba za mawe za Lamu zina daka mlangoni, yaani kibaraza chenye paa, na daka ni studio ambayo mjini kwingine watu hulipia: kivuli juu, mwanga laini mbele kutoka njiani, na ukuta wa pili wa kichochoro unaorudisha mwanga usoni. Mweke mtu ndani ya daka kama hatua moja kutoka ukingoni, uso wake uelekee njia, wewe usimame nje. Hakikisha mgongoni mwake ni mlango wa mbao au kiza cha ndani, wala si ukuta unaopigwa na jua.

Saa nayo ina neno. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua hupanda wima na kushuka wima, na baina ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri uso uliosimama juani hautoki vizuri. Mji wetu unatazama mashariki, upande wa Manda. Kwa hiyo ukitaka nyumba za ufukweni zing'ae, toka mapema asubuhi. Alasiri ufuko umo kivulini mwa nyumba, ilhali majahazi yaliyo mkondoni bado yana jua. Huo ndio wakati wa vyombo. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini mwaka mzima, na kiza huingia upesi, dakika ishirini na kitu tu. Dakika hizo nzuri ndizo za sala ya Magharibi. Watu wanakwenda kusali, wengine wanatawadha. Usisimame njiani mwao na kamera, wala usielekeze lenzi ndani ya mlango wa msikiti, hata ukiwa wazi. Panda juu ya dari, upige mbingu.

Sasa ukungu wa vichochoroni. Kabla ya kutibu, tambua ni ukungu gani. Kuza picha kwenye skrini. Ikiwa kila kitu, pamoja na ukuta, kimeburutika upande mmoja, mkono wako ulitikisika. Ikiwa ukuta umetulia na punda ameburutika, punda alitembea haraka kuliko kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la ndani ya kamera hufunguka kupokea mwanga. Ikiwa mtu ni laini lakini mlango ulio nyuma yake umekatika vizuri bila ukungu, fokasi ilishika mlango. Na ikiwa picha nzima ni hafifu na nyeupe-nyeupe kama yenye moshi, lenzi ina chumvi au alama ya kidole, au imetokwa na jasho baada ya kutoka chumba chenye baridi. Kwa hilo la mwisho, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa hadi ipate joto la nje.

Kasi ya shata ndiyo inayoamua mambo mawili ya kwanza kati ya hayo mara nyingi. Kwa kamera yako, ukivuta lenzi mpaka 55, usishuke chini ya 1/100 ya sekunde ukiwa umeishika mkononi. Mtu anayetembea anataka 1/250, watoto wanaokimbia 1/500, mashua inayokata maji kwa kusi 1/1000. Unaweza kuanzia hapa, ISO ikiwa ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga, f ni tundu la lenzi, na namba ya mwisho ni kasi ya shata: juani, ISO 100, f/8, 1/500. Kivuli cha wazi, ISO 100, f/5.6, 1/125. Kichochoro chembamba, ISO 400, f/5.6, 1/125, na mtu akitembea ipandishe ISO hadi 800 ili shata ifike 1/250. Ndani karibu na dirisha, ISO 1600, f/5.6, 1/60, na umwambie mtu atulie. Namba ya f ikikua, tundu la lenzi linakuwa dogo na mwanga unapungua. Kila hatua kutoka 4 kwenda 5.6 kwenda 8 inakata mwanga nusu. ISO ikizidishwa mara mbili, mng'ao wa picha unakuwa maradufu, na chengachenga huongezeka. Usiogope chengachenga. Picha yenye chenga lakini iliyokatika vizuri husafishika. Iliyotikisika haina dawa.

Fokasi, acha nukta moja tu, ile ya katikati, na uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Ukiiachia kamera ichague, itapenda nakshi za mlango kuliko uso, kwa kuwa nakshi zina mistari mikali.

Halafu lenzi. Zungusha mpaka 35 na uiache hapo kwa mwezi mzima. Kwa kamera yako 35 huona karibu sawa na jicho linapotazama kitu kwa makini, na ili mtu ajae vizuri kwenye picha itabidi usogee mpaka hatua mbili tatu kutoka kwake. Umbali huo huwezi kuiba. Lazima usalimie. Na hapa ndipo ruhusa inapogeuka kuwa ufundi: ukishasalimiana na mtu unapata dakika ya kumhamisha kutoka juani, ya kuweka +1, ya kushika jicho, ya kupiga mara nne badala ya mara moja. Picha uliyompiga yule mama anapita, naamini, ina mgongo au ubavu, ina ukungu, na ina jua kichwani. Mpiga picha aliyeiba hana muda wa kurekebisha chochote.

Kaka yako ana haki kidogo na amekosa sana. Ni kweli hakuna sheria ya Kenya inayokataza moja kwa moja kupiga picha njiani. Lakini ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa taarifa yake binafsi. Albamu yako ya nyumbani sheria hiyo haiigusi. Siku utakapoweka picha hiyo kwenye ukurasa wa kutangaza kazi yako, au kuipokelea pesa, mambo yamebadilika na unahitaji idhini unayoweza kuithibitisha. Kwa mtoto, idhini ni ya mzazi au mlezi. Ya mwalimu wa shule au wa madrasa haitoshi. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ikatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Si mchezo.

Hata hivyo usiifanye sheria kuwa kipimo chako. Mji wetu ni mdogo. Mwanamke aliyejifunika nikabu anatambulika kwa mwendo, kwa viatu, kwa mtoto aliyemshika mkono. Kujifunika kwake ni jibu ambalo ameshalitoa kabla hujauliza. Na watu wa Lamu hawachukii picha. Studio ya Omar Said Bakor ilifanya kazi hapa Lamu tangu miaka ya 1960, na watu walikwenda kwa miguu yao, wakachagua nguo, wakakaa walivyotaka kuonekana. Kinachochukiza ni picha ambayo mwenyewe hajui imekwenda wapi wala imeandikwa maneno gani chini yake. Wageni wamepiga picha nyingi za namna hiyo katika vichochoro hivi, na watu wamechoka. Wewe usiwaongezee.

Kuuliza kuna namna yake. Kamera ikae kifuani, lenzi ikitazama chini. Salimia kwanza, na mkubwa umpe shikamoo yake. Jitambulishe kwa nyumba yenu, maana hapo ndipo watu wanapokushika: wewe ni wa nani, unakaa mtaa gani. Sema unataka kupiga nini hasa, iwe mikono ikisuka mkeka, uso, au kazi nzima, na sema picha itakwenda wapi. Ukijibiwa "labda baadaye," hiyo ni la, shukuru upite. Ukikubaliwa, piga, kisha mwonyeshe. Akisema futa, futa mbele yake bila kununa. Halafu timiza ahadi: toa nakala ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 umpelekee. Picha moja iliyorudishwa itakufungulia milango mingi ya mtaa huo.

Kuhusu pesa, msimamo wangu ni huu: fundi wa nakshi au nahodha aliyesimamisha kazi yake nusu saa kwa ajili yako, mlipe muda wake. Mtoto usimlipe hata senti, usije ukamfundisha kukimbilia kamera za wageni. Mgonjwa, mlevi, mtu aliyepoteza akili, ombaomba aliyelala: usipige. Hao hawawezi kukupa ruhusa kamili, na umaskini wao si mazoezi yako. Polisi, vizuizi na kambi za jeshi, usiinue kamera kabisa. Droni inataka usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na juu ya nyua za watu, mahali wanawake wanapokaa bila mtandio, haifai hata ikiwa na kibali.

Katika kusafisha picha kwenye simu au kompyuta, rekebisha mwanga, kata pembe, nyoosha mstari wa bahari. Usimng'arishe mtu ngozi. Uso mweusi ukitoka mweusi mno, kosa ni la mwanga wako, na dawa yake umeshaisoma.

Yule mama, mwende mkamwone, wewe na mama yako au shangazi. Mwonyeshe picha, uifute mbele yake. Akitaka kujua kama umeituma kwa mtu, mwambie ukweli.

Sasa harusi. Hii ndiyo kazi ninayotaka uifanye, kwa sababu shughuli ya kupamba inamhitaji mwanamke nyuma ya kamera na hairuhusu mwingine. Lakini ndiyo yenye hatari kuliko zote, kwani ndani ya ukumbi mna wanawake mia bila buibui, na ruhusa ya bibi harusi ni ya bibi harusi peke yake. Haimfungi jirani aliyekaa nyuma yake. Kaeni na binamu yako na mamaake kabla ya siku, muandike kwenye karatasi: nani atapigwa, nani atapokea picha, nakala ngapi, na utazifuta lini. Mwombe mwenye shughuli atangaze mlangoni kwamba kuna kamera, ili asiyetaka ajue pa kukaa. Weka upande mmoja wa ukumbi ambao lenzi haitaelekea hata kidogo, na uutaje wazi.

Tumia kadi mpya iliyo ya harusi hiyo tu. Usipige hata picha moja kwa simu yako. Simu nyingi hupandisha picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na nyingine huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Usiwape vijana wa duka la kompyuta kadi wakuhamishie. Wala usimpelekee bibi harusi picha kwa WhatsApp. Mpe mkononi, ndani ya flashi diski. Kisha jambo ambalo wengi hawalijui: ukifuta picha, kamera hufuta jina lake kwenye orodha tu, picha yenyewe inabaki kwenye kadi mpaka ifunikwe na nyingine, na programu za kurudisha picha zilizofutwa zinapatikana bure. Kwa hiyo kabla ya kuitumia kadi hiyo kwa kazi nyingine au kumwazima mtu, ifomati, ijaze yote kwa video ya ukuta mtupu, halafu uifomati tena. Kompyuta yenye nakala iwe na nywila, na isiwe ya nyumba nzima.

Kuhusu ufundi wa usiku huo: flashi ndogo inayochomoza juu ya kamera usiitumie, inapiga uso wenye vipodozi ukang'aa kama sahani. Azima flashi ya nje yenye kichwa kinachogeuka. Kwenye nyumba ya kale usiielekeze darini, kwani boriti zimekwenda juu, ni nyeusi na zinameza mwanga, au zimepakwa rangi itakayompaka bibi harusi. Igeuzie ukuta mweupe wa lipu ulio ubavuni mwako, mwanga urudi laini. Anza na ISO 800, f/5.6, 1/125. Flashi ya bei nafuu isiyozungumza na kamera isivuke 1/200, la sivyo utapata utepe mweusi upande mmoja wa picha. Ukipiga bila flashi chini ya taa za LED ukaona mistari, weka 1/100 au 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Hina na piko zipige mapema, wakati mikono haijachoka, karibu na dirisha, lenzi kwenye 55 na kamera kama sentimita 25 hadi 28 kutoka mkononi. Karibu zaidi ya hapo haitashika fokasi. Beba betri mbili zilizojaa.

Kamera ya mjomba ikitoka ufukweni, ifute kwa kitambaa kilicholowa kidogo sana maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, na uilaze kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vifuko vya silika. Usibadilishe lenzi kwenye mchanga.

Ukimaliza zoezi la kamba, nitumie picha tatu bila kuzigusa: kanzu kwenye +1, buibui kwenye −1, na kaka yako ndani ya daka, kama amekubali. Uniandikie na namba ulizotumia kwa kila moja. Hapo ndipo tutakapojua kama uko tayari kwa harusi ya binamu, au umwombe mwanamke mwenye uzoefu awe mbele nawe umsaidie kushika flashi.